Mihuri Kumi na Minne ya Bi Kinue

Bi Kinue Hatayama aliwapikia watoto wa shule ya msingi ya Kamizawa kwa miaka thelathini na mmoja, watoto mia tatu kila siku ya masomo, na katika miaka yote hiyo alijifunza jambo moja kubwa: usimwulize mtoto kama chakula kilikuwa kitamu. Atasema kitamu, maana kafunzwa adabu kwao. Nenda ukachungulie ndoo ya mabaki. Ndoo haina adabu, na haijawahi kumdanganya mtu.

Alipostaafu, ndoo hiyo akaihamishia kwenye vitabu, akavipima kwa mabaki. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, gari la maktaba lilipanda kilima chetu na kuegesha mbele ya hekalu, na yeye alikuwa wa kwanza mlangoni, kikapu mkononi. Sheria ni vitabu kumi kwa mtu mmoja. Wenzake walichagua, yeye hakuchagua. Alianza rafu ya juu kabisa, kushoto, akabeba kumi vilivyofuatana, na wiki mbili baadaye akaendelea pale alipoishia, iwe mapenzi, mauaji, vita vya masamurai, mashairi au ufugaji wa nyuki. Siku moja dereva wa gari, ambaye aliwahi kula kwa mkono wake, alimwonya: "Mama, hicho cha mitambo ya umeme hutakielewa." Akajibiwa: "Kwani wewe darasa la pili ulikuwa unaelewa karoti zangu? Si ulikula tu, ukakua?"

Alisoma amesimama jikoni, kando ya sufuria ya wali, macho kitabuni na sikio kwenye mvuke. Majirani wote wana sufuria za umeme zinazojizima zenyewe, lakini yeye alisema hizo ni za watu wasioaminiana na moto. Alijisifu hadharani kwamba kwa maelfu ya vitabu aliyosoma, hakuna hata kimoja kilichowahi kumsahaulisha sufuria. "Bado hakijaandikwa," alikuwa akisema, "kitabu cha kuniunguzia wali."

Mumewe, Tokuji, fundi wa mapaa, hakusoma chochote isipokuwa utabiri wa theluji. Lakini wakati wa chakula cha jioni Bi Kinue alimsimulia kitabu cha siku hiyo na maoni yake juu, na Tokuji, akitafuna, alisema maneno mawili tu: "Ehe, halafu?" Kwa maneno hayo mawili ndoa ilikwenda miaka arobaini bila kutetereka. Alifariki msimu wa vuli, zikiwa zimebaki sura mbili za hadithi ya mauaji. Bi Kinue alimmalizia mbele ya picha yake, kila kitu, mpaka pingu. Picha ikanyamaza. Hapo ndipo alipolia kwelikweli, wala hakuona haya kumwambia yeyote aliyemuuliza kwamba hakulilia mkono wa kumsaidia wala sauti ya miguu sebuleni, alililia ile "Ehe, halafu?"

Mwezi wa sita uliofuata, zamu ya ukuu wa kundi letu ikamwangukia. Kundi la Tatu lina nyumba kumi na tano, na matangazo yake yanabanwa kwenye ubao unaotembea nyumba hadi nyumba: siku za takataka, mazoezi ya zimamoto, paka aliyepotea. Ukishasoma unapiga muhuri wa jina lako kwenye kisanduku chako, kisha unaupeleka kwa jirani. Kazi ya mkuu wa kundi ni kuuanzisha mzunguko na kuupokea ukirudi. Bi Kinue alibana matangazo kwenye ubao wake wa kwanza, akaona chini ya tangazo la chupa tupu kuna nafasi nyeupe ya kutosha. Mpishi hawezi kuona sahani ina nafasi akaiacha. Akachukua kalamu.

Aliandika juu ya hadithi moja ya upelelezi iliyotokea kwenye nyumba ya mnara wa taa: "Muuaji ni daktari. Nimewaambia mapema ili mfaidi, maana ukishajua unaona jinsi mwandishi anavyohangaika kumficha, maskini, kama mtu anayeficha mbwa kwenye koti. Ndoo: robo."

Siku tatu baadaye ubao ulirudi na mihuri kumi na minne, myekundu, imenyooka kwenye visanduku vyake. Bi Kinue aliitazama kwa muda mrefu. Wasomaji kumi na wanne! Tokuji alikuwa mmoja tu.

Tangu hapo hakushikika. Nafasi ya chini haikumtosha tena. Akawa anabana karatasi yake nzima nyuma ya matangazo, mara mbili kwa mwezi. Riwaya ya mapenzi: "Wanatazamana kurasa mia mbili na hakuna aliyepika. Hawa wanakula nini? Ndoo nusu." Kitabu cha kufundisha watu mafanikio: "Mwandishi anasema ukiamka saa kumi alfajiri kila siku utatajirika. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri miaka thelathini na mmoja. Kama utajiri ulikuja, labda nilikuwa namenya viazi." Hadithi ya masamurai: "Wamekufa watu mia tatu na hakuna aliyefua nguo yenye damu. Yupo mwanamke aliyefua, sema mwandishi hakumuuliza." Hadithi ya mwaka elfu tatu, angani: "Roboti wanafikiri, nyota zinahamishwa, na chai bado inaletwa na msichana." Mashairi: "Vitonge vidogo sana. Kula kimoja, kaa kimya. Niliyekula kumi kwa mpigo naumwa kichwa." Kumbukumbu za mwanasiasa: "Kila kosa lilifanywa na mwenzake. Ndoo mbili, na ya pili niliazima." Ila kitabu cha viumbe wa baharini alikisifu mno: "Pweza ana mioyo mitatu. Wiki mbili sasa nampita sokoni nikiinamisha kichwa. Ndoo tupu, imelambwa."

Na kila mara, mihuri kumi na minne. Mtu mwingine angejiuliza mbona hakuna hata mmoja anayemtajia pweza njiani. Bi Kinue hakujiuliza. Aliona watu wa Kamizawa ni wapole, hawapendi kubishana, na muhuri ni muhuri. Hata Mwenyekiti alishatangaza hivyo.

Mwenyekiti wa mtaa mzima ni Bwana Murakoshi, mkazi wa kundi letu, aliyekuwa mkuu wa idara ya maji, mtu aliyenyooka mgongo kama bomba na asiyeweza kuomba chumvi bila kusema "hoja ya kwanza". Bwana Nezu, mfumaji mikeka, aliwahi kutoa takataka za chupa siku ya takataka za karatasi akidai hakuona tangazo. Mwenyekiti akasimama akasema: "Kuanzia leo, aliyepiga muhuri amesoma. Hakuna tena cha sikujua." Sheria ikapita bila kupingwa.

Majira ya baridi, Bwana Murakoshi naye akatoa kitabu. Kilikuwa maisha yake, *Miaka Arobaini ya Maji Safi*, kurasa mia nne na kumi na mbili, jalada gumu la buluu, na alikisambaza mwenyewe nyumba kwa nyumba akiwa amevaa tai. Kila nyumba ikampelekea boksi la biskuti za mchele za shukrani, na wote walisema sentensi ile ile, utadhani waliikariri shuleni: "Kimenifunza mengi sana, Mwenyekiti."

Bi Kinue peke yake ndiye aliyekisoma. Alikisoma chote, pamoja na jedwali la vipenyo vya mabomba, kwa siku sita na masufuria sita ya wali, na wali haukuungua hata punje. Kisha akaandika, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu aliamini wasomaji wake kumi na wanne wanamngojea:

"Kurasa mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na moja na nusu zimerudi kwenye ndoo. Mwenyekiti anisamehe, lakini bomba ni bomba. Iliyobaki ni nusu ya ukurasa wa 288. Pale bomba kuu limepasuka kwa barafu, yeye yuko shimoni bondeni, na anasema mkewe alimletea matonge ya wali mara tatu, na yalikuwa bado ya moto, halafu anaendelea na mabomba. Mimi ni mpishi. Kwenye theluji tonge linapoa kwa dakika kumi. Kutoka kwao hadi bondeni ni dakika arobaini. Mwenyekiti, mkeo aliyabeba tumboni, chini ya nguo, juu ya ngozi. Hukumuuliza? Ungeandika kitabu kizima juu ya nusu ukurasa huo, ningelamba sahani."

Ubao ukazunguka. Ukarudi na mihuri kumi na minne, na wa mwisho, umenyooka kuliko yote, ulikuwa wa Murakoshi. Bi Kinue alishika kifua. Huyu, alijisemea, ni mwanamume.

Theluji ilipoyeyuka, mwezi wa nne, ikafika Jumapili ya kusafisha mtaro. Kundi zima tulikuwa matopeni, viatu vya mpira na taulo shingoni, tukikoroga uchafu wa miezi mitano. Saa nne tukapumzika. Bi Masue, jirani wa ukuta mmoja na Bi Kinue, akagawa figili zake zilizochachushwa kwa chumvi pipani na chai. Bi Kinue akaona huo ndio wakati wa kusema la moyoni.

"Mwenyekiti, nataka nikushukuru mbele ya watu."

"Kwa lipi, Bi Kinue?"

"Kwa ungwana. Mwingine ukimwambia kitabu chake kimejaza ndoo, atakununia mpaka kaburini. Wewe umesoma, umepiga muhuri, kimya. Mimi nakuvulia kofia."

Bwana Murakoshi alishusha kikombe. "Kimejaza nini?"

"Ndoo ya mabaki. Chote, isipokuwa nusu ya ukurasa wa 288. Si kama nilivyoandika?"

"Uliandika wapi?"

"Kwenye ubao! Mwezi wa pili. Baba wee, si ulipiga muhuri?"

Bwana Murakoshi alipotutazama, kila mtu aligundua kwamba buti lake lina tope linalohitaji kushughulikiwa haraka. Jamani tulibanwa. Kusema tulisoma ni kukiri kwamba tulimwacha atukanwe miezi miwili huku tukila biskuti naye. Kusema hatukusoma ni kuvunja sheria ya muhuri. Na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mtego ule ule, tena aliutega kwa mkono wake.

"Nezu," akasema taratibu, "wewe ulisoma?"

"Mimi? Nilisoma... kwa juu juu."

"Juu kiasi gani?"

"Pale penye tarehe."

"Bi Masue?"

"Miwani yangu ilikuwa kwa fundi, Mwenyekiti."

Bi Kinue alikuwa akicheka, akidhani ni utani wa mapumziko. Kisha cheko likaanza kumtoka usoni kidogo kidogo. Akamgeukia Masue.

"Masue, nani muuaji kwenye ile nyumba ya mnara wa taa?"

"Muuaji gani tena, mwenzangu?"

"Nilikuambia mwezi wa sita. Ni daktari."

"Daktari yupi? Wa hapa kwetu?"

"Pweza ana mioyo mingapi?"

Bi Masue alitazama bakuli la figili kana kwamba jibu limo. "Mwenzangu," akasema mwishowe, "usinifanyie mtihani mbele za watu. Mimi ule ubao napiga muhuri huku natembea. Nikisimama tu, chungu kinamwagika nyumbani. Nani anasoma ubao?"

Hakuna aliyemwambia Bi Kinue kitu kibaya siku ile, na hilo ndilo lililomuumiza. Angetukanwa angejua pa kushika. Aliona miezi kumi yote, karatasi ishirini, alikuwa akiisimulia picha ya Tokuji tena, sasa kwa mihuri. Aliokota koleo lake akarudi mtaroni akachimba peke yake kwa nguvu hadi tukaogopa.

"Karatasi hizo unazo?" Bwana Murakoshi alimuuliza kutoka ukingoni.

"Zote."

"Niletee," akasema, kisha akaongeza, "Kikao kimefungwa," ingawa hakikuwa kikao.

Alhamisi iliyofuata gari la maktaba lilipanda kilima, likasimama mbele ya hekalu, likangoja, na Bi Kinue hakwenda. Dereva alipiga honi mara mbili. Wale tuliokuwa karibu tulijifanya hatusikii, lakini aibu ilitutafuna.

Na aibu ikisaidiwa na umbeya hufanya kazi nzuri. Jioni ile ya mtaro, nyumba kumi na tatu zilianza kutafuta kitabu cha buluu ili zione ukurasa wa 288 una nini. Bwana Nezu alikikuta chini ya mguu wa meza yake ya kufumia. Akakitoa, meza ikaegemea upande mwezi mzima. Cha Bi Masue kilikuwa juu ya pipa la figili, chini ya jiwe, kikifanya kazi ya uzito tangu mwezi wa kwanza. Alikifungua kinavuja maji ya chumvi, akasoma nusu ukurasa amechuchumaa, akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni na kusema ni figili.

Bi Kinue aliandaa ubao mpya kwa sababu zamu ni zamu. Tangazo la chanjo ya mbwa, tangazo la magugu. Chini aliacha nafasi nyeupe, akaupeleka kwa jirani bila neno. Siku tatu zikapita, haujarudi. Siku tano. Siku tisa. Mbwa wa Kundi la Tatu walikosa chanjo wote, na magugu yalikatwa siku isiyo yake.

Siku ya kumi na moja, saa sita kasoro, wali uko jikoni, mlango ukasukumwa. Alikuwa Bi Setsuyo, mke wa Murakoshi, mwanamke mdogo wa umbo ambaye katika miaka mingi mtaani hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "karibuni chai". Alikuwa na ubao kifuani.

"Nimeuleta ubao, Bi Kinue. Utuwie radhi, umechelewa."

Bi Kinue aliupokea kwa adabu, macho chini, akaona ile nafasi nyeupe haipo. Ilijaa maandishi mpaka pembeni. Nezu: "Mbona mara hii hakuna vitabu? Na kweli ni daktari? Mimi nilidhani mke wake." Masue: "Nisamehe dada. Nimekisoma chote. Kweli kinachosha, na sasa kinanuka figili." Mtu asiyeandika jina: "Mioyo mitatu. Nimehakikisha." Na nyuma yake zimebanwa karatasi mbili zilizochapwa, zenye kichwa cha habari "Majibu ya Mwenyekiti".

Alisoma amesimama pale pale mlangoni. "Hoja ya kwanza: nimesoma karatasi zote ishirini, mara mbili. Hoja ya pili: sikubaliani nawe kuhusu masamurai, nitafafanua ana kwa ana. Hoja ya tatu: mwanasiasa umemwonea kidogo. Hoja ya nne: jedwali la vipenyo ni la lazima na sitaliondoa. Hoja ya tano: kuhusu ukurasa wa 288, nimemuuliza mhusika. Mhusika amesema atajibu mwenyewe."

Bi Kinue aliinua macho. Mhusika alikuwa bado amesimama mbele yake, anavuta ncha za mikono ya sweta.

"Ni mara nne," akasema Bi Setsuyo. "Yeye kaandika tatu. Nilikwenda mara nne. Na ulivyosema ndivyo, niliyabeba hapa." Akaweka kiganja tumboni, juu ya sweta. "La siku ya kwanza nililitia likiwa limetoka tu sufuriani. Liliniunguza. Alama ninayo mpaka leo."

"Na hukumwambia?"

"Hakuuliza. Miaka thelathini na minane. Juzi ndipo kaja na karatasi yako mkononi, kaniuliza. Nikamwonyesha. Akaenda kufua soksi zake mwenyewe. Nimemshika paji la uso, hana homa."

Wakacheka wote wawili, Bi Setsuyo akiziba mdomo kwa mkono. Kisha akatazama nyuma, njiani, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajawa mzigo.

"Ehe," Bi Kinue akasema, "halafu?"

Maneno yalimtoka yenyewe. Aliyasikia masikioni mwake, kwa sauti yake, akashika mwimo wa mlango. Bi Setsuyo alimtazama kidogo, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa sakafu iliyoinuka hapo mlangoni, akaanza kusimulia: jinsi alivyopita makaburini kukata njia, jinsi taa ilivyozimika, jinsi alivyomkuta mumewe shimoni anaimbia bomba wimbo wa shule ili asisinzie, jambo ambalo halimo katika kurasa mia nne na kumi na mbili. Bi Kinue alikaa chini kando yake. Ubao ulimteleza magotini ukaanguka, hakuuokota.

"Bi Kinue," Bi Setsuyo alikatiza, akinusa. "Kuna kitu kinaungua huko ndani."

"Acha kiungue," akasema Bi Kinue. "Siku ya pili ilikuwaje?"